Mitandio 14 ya manjano: nilivyojifunza kutia nguo rangi kwa vitu vya jikoni

Mdogo wangu alipopangiwa harusi nilimwambia mitandio ya wasichana usiku wa hina aniachie mimi. Wasichana walikuwa 14, tangu mabinti wa sekondari hadi mtoto wa miaka 6. Mimi hushona nyumbani, mtaa wa Langoni hapa Lamu, zaidi foronya na mapazia, na kwa miaka mingi nilikuwa na hamu ya kutia nguo rangi kwa mkono wangu badala ya kuchukua ile aliyonichagulia mwenye duka. Mwezi mmoja ulikuwa umebaki. Nikaona unatosha.

Nikachagua manjano, kile kiungo cha mchuzi. Sababu yangu niliiona ya maana: kila mpishi wa pwani anajua kuwa manjano yakishika mwiko hayatoki, yakishika kucha utakaa nayo siku nyingi. Bakuli la plastiki likitiwa mchuzi mara moja hubaki na duara la manjano mwaka mzima. Nikajiambia, kitu kisichotoka kwenye mti wala plastiki kitatokaje kwenye pamba?

Nilinunua mita 21 za malimali nyeupe kwa shilingi 220 mita, mita moja na nusu kwa kila mtandio. Hizo zilikuwa shilingi 4,620. Kilo 2 za manjano ya unga nililipa 900, na makaa 480. Jumla shilingi 6,000. Naandika hesabu hizi kwa sababu kila niliyemsikia akizungumzia rangi za asili alisema ni bure, ni vitu vya jikoni tu. Manjano ya kutia mita 21 hayatoki kwenye kopo la jikoni, hununuliwa.

Nguo sikuifua. Ilikuwa mpya, nyeupe, imekunjwa vizuri kama ilivyotoka kwenye robota. Nilichemsha maji ya kisima, nikakoroga manjano, na kwa kuwa watu wengi walikuwa wameniambia kwamba chumvi na siki ndizo zinazofunga rangi, nikatia chumvi vikombe vitatu na siki chupa nzima. Nguo ikakaa motoni saa moja, kisha ikalala ndani ya sufuria hadi asubuhi. Nilipotoa mtandio wa kwanza nikaukamua, nilisimama nao mkononi nikashindwa hata kumwita mtu. Ulikuwa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nikaipandisha yote 14 darini nikaianika, na jirani aliyekuwa dirishani kwake akaniuliza nimenunua duka gani.

Niliiacha kambani siku mbili ili harufu ya siki itoke. Jioni ya siku ya pili nilipokwenda kuianua nikakuta kila mtandio una pande mbili. Upande uliotazama jua ulikuwa umepauka, ukawa rangi ya samli. Upande wa ndani bado ulikuwa na manjano yake, na pale mtandio ulipokalia kamba palikuwa na mchirizi mwembamba uliokoza, umenyooka kama uliopigwa rula. Sisi tuko nyuzi mbili na kitu tu kusini mwa ikweta, na jua la darini halina huruma. Nilijua pale pale kuna jambo haliko sawa, ila nilijinyamazisha. Nilisema usiku wa hina ni usiku, hakuna jua. Katika makosa yote nitakayoyasimulia hapa, hili naliona kubwa zaidi. Nguo ilikuwa imeshaniambia ukweli, na nilikuwa bado na wiki mbili za kutengeneza. Sikutaka kusikia kwa sababu nilikuwa nimeipenda mno ile rangi ya asubuhi ya kwanza.

Usiku wenyewe ulianza vizuri. Taa zilikuwa za njano, mitandio ikang'aa, na wanawake walikuwa wakinivuta pembeni kuniuliza. Baada ya chakula watoto walikwenda kunawa. Yule wa miaka 6 alinawa kwa sabuni ya kipande, na kwa kuwa hakuona taulo akajifuta kwenye mtandio wake. Nilimwona akirudi polepole, ameushika kwa mbele kwa mikono miwili kama kitu kilichoumia. Kulikuwa na kiganja kizima na vidole vitano, vyekundu, wekundu wa damu iliyoanza kukauka. Mamake alipiga ukelele akamshika mikono akiigeuza huku na huku kutafuta kidonda. Ngoma ilisimama.

Hakukuwa na kidonda. Ilikuwa sabuni. Wasichana wengine wakaanza kukagua mitandio yao, na wenye alama walikuwa watano. Bibi mmoja mtu mzima aliomba ndimu, akaikamulia juu ya kile kiganja, na wekundu ukarudi njano mbele ya macho yetu. Watu wakashusha pumzi. Mimi sikushusha, maana nilijua lazima mitandio ile itafuliwa siku moja, na haifuliwi kwa ndimu.

Baadaye nilikuja kuelewa. Kiini cha rangi ya manjano huitwa kurkumini, na tabia yake ndiyo hiyo: kikigusana na alikali kama sabuni au magadi huwa chekundu, kikigusana na tindikali kama ndimu au siki hurudi njano. Tabia hii haina dawa. Juu ya hayo, mwanga wa jua hukivunja haraka. Manjano hushika nguo bila msaada wa kitu chochote, na hapo ndipo yanapomdanganya mgeni, kwa sababu yanavyokuja upesi ndivyo yanavyoondoka.

Asubuhi yake nilituma mtu akanunue mitandio 14 ya dukani, shilingi 350 mmoja, jumla 4,900. Zilikuwa fedha za kutengenezea cherehani yangu. Ukijumlisha na zile za mwanzo, nilikuwa nimetumia 10,900 na sina hata mtandio mmoja wa kuonyesha. Mdogo wangu hakunilaumu. Alikuwa ameketi, hina mikononi haijakauka, akaniambia, "Dada, usilie. Watapiga picha na hiyo ya duka." Maneno hayo ya upole yaliniuma kuliko ningekaripiwa.

Harusi ilipopita nilikwenda kwa khale yangu, ndugu wa kike wa mama. Yeye ni msuka mikeka, na maisha yake yote amekuwa akipika miyaa kwa rangi. Nilimpelekea mtandio mmoja na kipande cha malimali kilichobaki. Mtandio hakuutazama sana. Alichukua kile kipande cheupe, akachovya kidole kwenye kata, akaacha tone moja la maji lidondoke juu yake. Tone lilikaa. Lilikuwa duara, linang'aa, limesimama juu ya nguo kama shanga, na nilihesabu zaidi ya nusu dakika kabla halijaanza kuzama.

"Nguo hini ina mafuta, mwanangu," akasema. "Rangi imeketi yuu, haikungia."

Tangu siku hiyo, tone la maji ndicho kipimo changu cha kwanza. Nguo mpya ya pamba ina nta yake ya asili, ina mafuta ya mashine, na aghalabu imetiwa wanga ili isimame vizuri dukani. Kuifua kwa mkono hakutoshi, yataka kupikwa. Kwa kilo 1 ya nguo kavu mimi hutia vijiko viwili vya kulia vya magadi na sabuni kidogo kwenye sufuria kubwa, nguo iogelee, na huichemsha kwa saa moja na nusu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilishtuka. Malimali niliyoiona nyeupe kama maziwa ilitoa maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye utando juu na harufu ya gunia. Nikamwaga, nikapika tena. Mara ya tatu maji yakabaki safi, na tone likadondoka likazama papo hapo. Kama tone halizami, usiendelee, hata kama umechoka.

Jambo la pili lililonichukua muda ni chumvi na siki. Ushauri ule una asili yake. Chumvi hutumika kwa baadhi ya rangi za viwandani za pamba, na siki hutumika kwa rangi fulani za sufu na hariri. Kwa rangi za mimea juu ya pamba, vitu hivi viwili havifungi chochote. Nilijaribu hata hina, kwa kuwa sisi wanawake wa huku tunaiamini, na nikapata rangi ya udongo iliyofifia. Hina hupenda ukucha, nywele na ngozi, vitu vya mwili wa mtu au mnyama. Hariri na sufu nazo ni za ukoo huo. Pamba ni ya mmea, ni ukoo mwingine kabisa, na inahitaji mpatanishi.

Mpatanishi huyo ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kidevu baada ya kunyoa. Nilikuwa nikiliona tangu utotoni nisijue kazi yake hii. Madini ya alumini yaliyomo hushika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine. Lakini hata shabu pamba haiishiki vizuri peke yake, na hapa nilipoteza mwezi mzima na mita 6 nyingine za nguo. Pamba hutaka kwanza kulala kwenye maji yenye tanini, ule ukakasi unaousikia ulimini ukinywa chai nzito au ukiuma ganda la komamanga. Tanini hukamata pamba, shabu hukamata tanini, rangi hukamata shabu. Ukiruka mmoja, mnyororo umekatika.

Navyofanya sasa ni hivi. Kwanza napima nguo ikiwa kavu, kwa mizani, kwa sababu vipimo vyote hufuata uzito wa nguo na si wingi wa maji. Kwa kilo 1 ya nguo nachemsha gramu 200 za maganda makavu ya komamanga, nachuja, nazamisha nguo iliyokwisha kupikwa, nailaza usiku mzima. Asubuhi naikamua tu, sisuuzi sana. Kisha nayeyusha gramu 150 za shabu kwenye maji ya moto, naongeza maji hadi yawe vuguvugu, na nguo inalala humo usiku wa pili. Naianika kivulini, naiacha siku kadhaa, na nikifika siku ya rangi naisuuza kwanza. Utaona hadi hapa hakuna rangi yoyote niliyoitaja, na siku nne tano zimeshapita. Hapo ndipo wengi huchoka, na mimi nilichoka mara nyingi. Nilipokuwa nikiharakisha hatua hizi, sufuria ilinirudishia nguo ya madoa.

Rangi yenyewe niliipata sokoni bila kulipa. Soko letu liko ubavuni mwa Ngome, na vitunguu huletwa kwa boti kutoka Mokowe ndani ya neti nyekundu. Wauzaji hupukuta maganda siku kutwa na jioni huyafagia. Nilizungumza na mama mmoja mwenye meza, nikamwachia gunia tupu, na kila Alhamisi napita Mkunguni kulichukua. Maganda ni mepesi kuliko unavyodhani: kilo 1 hujaza mfuko mkubwa hadi juu. Nami hutia uzito sawa, kilo kwa kilo, nikitaka rangi nzito, na nusu yake nikitaka rangi ya wastani. Nayachemsha saa moja, nachuja kwa kitambaa maana kipande kimoja kikibaki kitaacha doa lenye umbo lake, kisha nguo inaingia kwa moto mdogo saa nyingine moja, maji yakitoa moshi bila kutokota. Nageuza kila dakika chache. Nguo iliyokunjika ikaachwa hutoka na mistari. Halafu nazima moto na kuiacha ipoe humo humo hadi asubuhi.

Rangi ya maganda ya kitunguu haipigi kelele kama manjano. Ni ya dhahabu iliyovaliwa, kama bangili ya bibi. Mara ya kwanza niliivunjikia moyo kidogo. Sasa nikiona nguo ya manjano namtazama mvaaji kwa wasiwasi, nikifikiria sabuni.

Maji nayo yalinifunza. Nilipata sufuria mbili tofauti kabisa kwa maganda yale yale, moja dhahabu safi, nyingine imefifia kama iliyochanganywa na majivu. Nilirudi nyuma siku hadi siku nikakuta tofauti ni moja: ya kwanza nilitumia maji ya mvua kutoka jabia la jirani, ya pili maji ya kisima. Visima vya mji wetu vingi vina chumvichumvi, na madini yaliyomo hugusana na rangi. Tangu hapo maji ya kisima nayatumia kupikia nguo na kuisuuza mwanzo, na maji ya mvua nayawekea shabu na rangi. Masika nahifadhi madumu 10. Ukiwa Malindi au kwingine, jaribu kipande kimoja kwa maji ya bomba na kingine kwa maji ya mvua kabla hujaamua.

Kosa lililonigharimu pia ni kuamini neno la muuzaji. Niliuziwa mita 8 za nguo nikiambiwa ni pamba tupu, nikaipitisha hatua zote, ikatoka nyeupe yenye kivuli tu cha rangi. Sasa nachomoa uzi mmoja dukani na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Tetroni, ile ya nyuzi za kiwandani, huyeyuka, hujikunja na kuwa kidonge kigumu. Uzi wa kushonea nao uutazame hivyo hivyo. Nilishona foronya sita kwa uzi wa kawaida kisha nikazitia rangi, na kila mshono ukabaki mweupe. Shona baada ya kutia rangi, au tumia uzi wa pamba.

Chuma ni habari nyingine, nayo ni tamu na hatari. Khale ndiye aliyenitajia maji ya misumari yenye kutu. Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, misumari mibovu haikosekani, na hewa yetu ya bahari huitia kutu haraka. Niliweka mkono mmoja wa misumari kwenye chupa, siki sehemu moja na maji sehemu mbili, kifuniko kikiwa kimelegezwa, nikaiacha wiki mbili hadi ikawa rangi ya machungwa iliyochafuka. Nguo ya kitunguu ukiichovya kwenye ndoo ya maji yenye vijiko vichache vya maji haya, kwa dakika tano hivi, hugeuka mbele yako: dhahabu inaondoka, rangi ya zeituni inaingia kutoka kingoni kwenda katikati. Nguo ya komamanga au chai huwa kijivu, ukiongeza inakaribia weusi. Nilipenda mno. Nikaongeza kikombe kizima, nikailaza nguo usiku kucha, nikapata kijivu cha wingu la masika. Miezi minne baadaye nguo ile ilichanika begani nilipoinyoosha tu kuikunja, kwa sauti ya karatasi. Chuma kikizidi hula pamba taratibu. Kidogo, dakika chache, kisha suuza sana. Na chupa hiyo iweke mbali na watoto, kwa sababu chuma kikinywewa kinadhuru.

Watu huniuliza kwa nini situmii magome ya mkoko, nasi tumezungukwa na mikoko. Ni kweli magome yake yana tanini nyingi na hutoa hudhurungi nyekundu nzuri. Lakini mkoko haukatwi ovyo, kuna idhini ya misitu, na mti uliochunwa gome hufa. Hudhurungi naipata kwa makumbi ya nazi. Nayaloweka siku tatu, nayachemsha saa mbili, na hayamlizi mtu.

Sufuria za rangi zina alama ya rangi nyekundu kwenye mpini na hazirudi jikoni kupikiwa chakula, wala mwiko wake, wala chujio. Ni vitu vya jikoni ndiyo, lakini shabu na chuma si viungo. Maji yaliyobaki simwagi kwenye mtaro wa kichochoroni, maana mitaro yetu inakwenda baharini na inapita mlangoni kwa watu. Ya maganda matupu nayamwaga shinani mwa mnazi yakipoa. Ya shabu siyamwagi hadi nimeyatumia mara ya pili na ya tatu, nikiongeza nusu ya kipimo kila mara.

Lililobaki ni kipimo cha jua na sabuni, na hili ningelifanya kabla ya harusi ningelala usingizi. Kwa kila rangi mpya nakata vipande viwili vya upana wa kiganja. Kimoja nakibana ndani ya kitabu kikubwa, nusu ndani nusu nje, na kukiweka darini wiki mbili. Cha pili nakiosha kwa sabuni ya kipande mara 10. Manjano: nusu ya nje ilikuwa nyeupe kwa siku tano. Bitiruti haikufika hata huko, waridi wake wote ulikwenda na osho la kwanza. Maganda ya kitunguu yalipauka kidogo, kiasi cha kuhitaji jicho kuona. Komamanga na shabu vilisimama vizuri zaidi ya vyote. Vipande hivyo nimevibandika kwenye daftari, na mteja akija namwonyesha nusu zote mbili kabla hajatoa pesa.

Kwa fedha, mtandio mmoja sasa hunigharimu shilingi 330 za nguo na karibu 90 za shabu, magadi na makaa, pamoja na siku nane za kungoja na saa kama sita za mikono yangu nikitia mitandio sita kwa pamoja. Nauza 1,200. Wako wanaosema ni ghali na kwenda dukani, na sina neno nao, mtandio wa duka ni 350. Sishiki tena kazi ya haraka ya harusi ikiwa imebaki chini ya miezi miwili, hata akiwa ndugu.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Shela miezi minane baada ya harusi. Nilikuwa nimemwekea mtandio wa kitunguu na komamanga, ukingo wake umeguswa na chuma ukawa zeituni. Aliushika akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakusema kitu. Akateremka nao uani, akachota maji kwenye ndoo, akachukua sabuni ya kipande na kuanza kuufua mbele yangu, akisugua pembe moja kwa vifundo vya vidole kama anavyofua kanzu ya mumewe. Nilisimama mlangoni. Povu lilikuwa jeupe, likabaki jeupe. Alisuuza mara mbili, akaukung'uta, akapanda nao darini na kuuanika upande wa jua.

"Nitaondoka kesho," akasema. "Uache hapo hapo."